Sarafu ya Brutus iliuzwa dola milioni nne, kisha ikarudishwa Ugiriki: feza za zamani zinatambuliwa namna gani?

Mwezi wa tatu mwaka wa 2023, katika mji wa New York, wakubwa wa sheria waliwarudishia wajumbe wa Ugiriki kipande kidogo cha zahabu. Uzito wake ni karibu gramu 8, na upana wake haupiti ukucha wa kidole gumba. Lakini mwezi wa kumi mwaka wa 2020, kipande hicho kiliuzwa kwa mnada huko London kwa paundi milioni 3.24, pamoja na malipo ya nyumba ya mnada. Hiyo ni kama dola milioni 4.2 za Marekani. Kabla ya siku hiyo, hakuna sarafu ya zamani iliyokuwa imeuzwa kwa bei kubwa namna ile mbele ya watu wote.

Sarafu yenyewe ilikuwa ya kweli. Upande mmoja kuna kichwa cha Brutus, mmoja kati ya wale waliomuua Julius Caesar tarehe 15 ya mwezi wa tatu, mwaka wa 44 kabla ya Kristo. Upande wa pili kuna visu viwili, na katikati yake kofia ambayo mtumwa alivalishwa siku ya kupewa uhuru wake. Chini yake kuna herufi sita: EID MAR, ni kusema siku ile ile ya mauaji. Brutus alipigisha sarafu hizo mwaka wa 42 kabla ya Kristo ili kuwalipa askari wake, na kuwaambia kwamba kuua kule kulikuwa kuwakomboa watu. Mwaka huo huo alishindwa vita karibu na Filipi, kaskazini mwa Ugiriki ya leo, mji ule ambao baadaye mtume Paulo aliwaandikia barua wakristo wake. Alijiua kwa upanga.

Uongo ulikuwa katika karatasi. Sarafu iliuzwa kwa maelezo kwamba ilitoka katika mkusanyo wa zamani wa baroni mmoja wa Ulaya. Waendesha mashtaka wa New York walisema maelezo hayo yalitungwa, na kwamba sarafu ile inaelekea ilichimbwa kwa siri katika sehemu ya Ugiriki ambako jeshi la Brutus lilipiga kambi. Mkuu wa nyumba ya mnada alikamatwa mwezi wa kwanza mwaka wa 2023, na mwezi wa nane wa mwaka huo alikubali makosa mbele ya hakimu.

Kwa hiyo kila mtu anayekusanya sarafu za Wagiriki na Waroma, awe tajiri au mwalimu wa shule, ana maswali mawili mkononi. La kwanza: hii ni nini? La pili: imetoka wapi? Swali la kwanza lina raha nyingi, na mtu anaweza kulijifunza. La pili ndilo lilimwaibisha mnunuzi wa dola milioni nne.

Si mchezo wa matajiri peke yao

Kukusanya feza za zamani ni jambo la zamani pia. Suetonius, mwandishi wa Kiroma, anaeleza kwamba kaisari Augustus alipenda kuwapa rafiki zake zawadi ya sarafu za wafalme wa kale na za inchi za mbali wakati wa sikukuu. Mwaka wa 1354, mshairi Petrarch wa Italia alimpa mfalme Charles IV sarafu za makaisari wa Roma, ili azitazame na kuiga mwendo wa wale walio juu yake.

Leo watu wengi wanadhani kila sarafu ya miaka elfu mbili ni mali kubwa. Sivyo. Waroma walipiga sarafu kwa mamilioni, na wakati wa hatari watu walizifukia ndani ya vyungu bila kurudi kuzichukua. Shaba ndogo za wakati wa Konstantino, karne ya 4, zinapatikana katika maduka ya Ulaya na Marekani kwa dola kumi au ishirini. Kinachopandisha bei ni uchache, uzuri wa kipande, na historia yake yenye kuandikwa.

Somo la dinari

Wasomaji wa Injili wanalijua tayari somo la kwanza la kazi hii. Yesu alipoulizwa juu ya kodi, aliomba waonyeshe dinari, kisha akauliza picha na maandishi yaliyo juu yake ni ya nani. Hata leo mtu anayetaka kutambua sarafu anaanza hapo: picha ya nani, maandishi ya nani.

Wakusanyaji wengi wanaamini kwamba dinari ile ilikuwa ya Tiberius, aliyetawala kutoka mwaka wa 14 mpaka 37. Ni kipande cha feza nyeupe, chenye uzito wa karibu gramu 3.8. Kuzunguka kichwa chake kuna maandishi TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS. Yakinyooshwa, yanasema: Tiberius Kaisari, mwana wa Augustus aliyehesabiwa kuwa mungu, naye ni Augustus. Ndiyo sababu Wayahudi wengi walichukizwa kuishika: kodi yenyewe ilibeba jina la mungu mwingine.

Kabla ya kusoma, lakini, kuna kupima. Mkusanyaji anahitaji mizani ndogo kama ile ya wanunuzi wa zahabu, inayoonyesha mpaka sehemu ya mia ya gramu, rula au kipimo cha upana, kioo cha kukuzia, na taa ambayo anaweza kuisogeza pembeni. Mwanga unaotoka upande mmoja unaamsha herufi ambazo jicho halikuziona. Anaandika chuma, uzito na upana. Kiisha anasoma.

Wagiriki walisema "ya"

Sarafu ya Kigiriki inayojulikana kuliko zote ni bundi wa Atene. Mbele kuna mungu wa kike Athena mwenye kofia ya vita. Nyuma kuna bundi mwenye macho makubwa, tawi la mzeituni, na herufi tatu ΑΘΕ, mwanzo wa jina la watu wa Atene. Uzito wake unapita kidogo gramu 17, thamani ya drakma nne. Feza yake ilitoka katika migodi ya Laurion, ambako maelfu ya watumwa walichimba chini ya ardhi katika mashimo membamba. Feza hiyo ililipia meli za vita zilizowashinda Waajemi huko Salamis mwaka wa 480 kabla ya Kristo.

Kwenye sarafu nyingi za Wagiriki, jina halikuandikwa peke yake. Liliandikwa kwa namna ya kuonyesha mwenye mali. Sarafu za Alexander Mkuu zina neno ΑΛΕΞΑΝΔΡΟΥ, na mwisho ule wa ΟΥ ni kama "ya" yetu: ya Alexander. Mbele kuna Herakles aliyejifunika ngozi ya kichwa cha simba. Nyuma kuna Zeus kwenye kiti chake, tai mkononi.

Hapo mwanafunzi anaweza kuanguka. Akiona jina la Alexander, anaandika kwamba sarafu ni ya wakati wake. Lakini Alexander alikufa mwaka wa 323 kabla ya Kristo, na miji mingi iliendelea kupiga sarafu kwa jina lake kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa sababu wafanyabiashara waliziamini. Alama ndogo iliyo chini ya kiti cha Zeus au mbele ya magoti yake, pengine nyuki, pengine nanga, pengine herufi mbili zilizofungwa pamoja, ndiyo inaeleza mji na miaka. Martin Price wa British Museum alitoa mwaka wa 1991 kitabu cha aina hizo peke yake, na namba zake zinapita elfu tatu.

Afrika haikuwa mbali na mambo hayo. Wafalme wa Aksum, katika Ethiopia na Eritrea za leo, walianza kupiga sarafu zao wenyewe katika karne ya 3, nyingi zikiwa na herufi za Kigiriki. Sarafu za kwanza za mfalme Ezana zina mwezi mwandamo na duara juu ya kichwa chake. Zile za baadaye zina msalaba. Mtu anazipanga mezani na kuona kwa macho yake mfalme akibadilisha dini.

Waroma walihesabu miaka

Maandishi ya Waroma yanatisha mara ya kwanza, sababu yamekatwa-katwa na U inaandikwa V. Lakini ni yale yale yanayorudi. IMP ni mkuu wa jeshi. AVG ni Augustus. P M ni kuhani mkuu. COS ni konsuli, na namba inayofuata inasema mara ngapi. P P ni Baba wa Taifa, cheo ambacho wazee wetu wa Congo hawahitaji kuelezwa.

Ufunguo wa tarehe ni TR P. Hayo ni mamlaka ya tribuno, ambayo kaisari alipewa upya kila mwaka. Tuchukue dinari ya Septimius Severus, aliyezaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo, na kutawala kutoka 193 mpaka 211. Nyuma imeandikwa P M TR P XV COS III P P. Mwaka wake wa kwanza wa mamlaka hayo ni 193. Wa kumi na tano ni 207. Kwa hiyo sarafu ilipigwa mwaka wa 207. Na picha yake? Mwanamke amesimama, kichwani amevaa ngozi ya kichwa cha tembo, simba yuko miguuni pake. Ni Afrika mwenyewe, amewekwa kwenye feza ya Roma na kaisari aliyetoka huko.

Kutoka mwisho wa karne ya 3, kazi inakuwa rahisi zaidi, kwa sababu nyumba za kupigia sarafu ziliweka saini zao chini ya picha. PLON ni London. SMANT ni Antiokia, mji ambako wanafunzi waliitwa wakristo mara ya kwanza. Anayejua jina la kaisari, picha ya nyuma na saini hiyo, anaweza kutafuta aina yake katika orodha kubwa inayoitwa OCRE, iliyowekwa bure kwenye intaneti na American Numismatic Society, chama kilichoundwa New York mwaka wa 1858. Orodha hiyo inafuata vitabu vya *Roman Imperial Coinage*, vilivyoanza kutoka mwaka wa 1923.

Mizani nayo inasimulia. Chini ya Augustus, dinari ilikuwa karibu feza tupu. Chini ya Severus, feza ilibaki kama nusu. Iliyobaki ni shaba. Mwaka wa 215 mwanawe Caracalla alitoa sarafu mpya iliyohesabiwa kuwa dinari mbili, lakini haikuwa na feza ya dinari mbili. Ilipofika miaka ya 260, chini ya Gallienus, sarafu hiyo ilikuwa na feza chini ya sehemu tano kwa mia: shaba iliyopakwa weupe. Askari walipaswa kulipwa, na kaisari hakuwa na feza ya kutosha. Mtu yeyote aliyekuwa sokoni kwetu mwaka wa 1993, wakati wafanyabiashara walipoikataa noti ya zaire milioni tano, anaelewa hadithi hiyo bila mwalimu.

Wadanganyifu wa zamani na wa leo

Sarafu za zamani zilipigwa: kipande cha chuma kiliwekwa kati ya vyuma viwili vyenye kuchongwa picha, na nyundo ikashuka. Chuma kilikimbia chini ya pigo, kikaacha mistari myembamba na mara nyingi mpasuko pembeni. Mdanganyifu wa kawaida hapigi. Anamimina chuma kilichoyeyuka katika kalibu. Kwa hiyo tazama ukingo wa sarafu: kama kuna mstari unaouzunguka, umefutwa kwa tupa, jihadhari. Tazama uso kwa kioo: vitundu vidogo vya hewa na herufi laini kama sabuni ni dalili mbaya. Sarafu mbili zenye alama na mikwaruzo ile ile mahali pale pale haziwezi kuwa za kweli zote mbili.

Lakini kuna mafundi. Carl Wilhelm Becker, Mjerumani aliyeishi kutoka 1772 mpaka 1830, alichonga vyuma vyake mwenyewe na kupiga sarafu kwa nyundo kama Wagiriki. Inasimuliwa kwamba ili zipate sura ya uzee, aliziweka ndani ya sanduku lenye mafuta na unga wa chuma, akalifunga chini ya gari lake la farasi, na kusafiri nalo katika barabara mbaya.

Wazee wa zamani pia walidanganyana. Kuna sarafu za Atene na za Roma ambazo ndani ni shaba na nje ni ngozi nyembamba ya feza. Ndiyo sababu bundi wengi wana jeraha la patasi: mfanyabiashara aliikata ili aone moyo wake. Jeraha hilo linapunguza bei leo, lakini ni shahidi wa siku moja ya soko.

"Imetoka wapi?"

Mwezi wa kwanza mwaka wa 2012, daktari wa upasuaji mwenye kujulikana, ambaye pia alikuwa mkusanyaji mkubwa, alikamatwa katika hoteli moja ya New York akiwa na sarafu za Wagiriki wa Sisilia. Alimwambia mtu aliyejifanya mnunuzi kwamba anajua zilichimbwa miaka michache tu iliyopita. Bei ya moja peke yake ilikadiriwa kuwa dola milioni mbili na zaidi. Wataalamu walipozipima kwa darubini ya nguvu sana, waliona ni za bandia. Daktari yule aliamini anashika mali ya wizi, kumbe alishika uongo. Hakimu alimhukumu kwa kujaribu kuwa na mali ya wizi: masaa 70 ya kutibu watu bila malipo, na kuandika makala juu ya umuhimu wa kujua sarafu imetoka wapi.

Kisa hicho kinaonyesha kwamba maswali yale mawili ni moja. Mtu asiyetaka kujua sarafu imepitia wapi anajinyima pia njia nzuri ya kujua kama ni ya kweli. Sarafu iliyochapishwa katika katalogi ya mnada ya mwaka wa 1925, pamoja na picha, haikutengenezwa juzi.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye bei. Mwezi wa nne mwaka wa 2010, karibu na mji wa Frome, Uingereza, mpishi wa hospitali aliyekuwa akitembeza mashine ya kutafuta chuma shambani alifikia mdomo wa chungu kilichojaa sarafu. Alifanya jambo gumu: aliacha kuchimba, akafunika shimo, akawaita wataalamu. Walitoa sarafu 52,503 za karne ya 3, uzito wa kilo 160, tabaka moja baada ya jingine. Na tabaka hizo zilisema kitu. Sarafu za Carausius, ambazo ni kati ya mpya zaidi, nyingi hazikuwa juu bali zaidi ya nusu kuelekea chini. Basi chungu hakikujazwa pole pole mwaka kwa mwaka kama akiba ya familia. Kilijazwa kwa mara moja, na wataalamu fulani wanafikiri ilikuwa sadaka kwa miungu. Kama yule mpishi angemwaga zote ndani ya mifuko, sarafu zingekuwa zile zile, lakini hakuna mtu angejua hayo. Jumba la makumbusho la Somerset lilizinunua kwa paundi 320,250, na yeye na mwenye shamba wakagawana.

Msalaba wa shaba wa kwetu

Wacongomani tuna mfano wetu. Misalaba midogo ya shaba ya Katanga ilikuwa makuta kabla ya makuta. Mwaka wa 1960 iliwekwa hata kwenye bendera ya Katanga. Tunajua namna gani kwamba ilikuwa feza? Kwa sababu ya makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbwa na wataalamu mwaka wa 1957 na 1958, kisha na Pierre de Maret katika miaka ya 1970. Waliandika kila msalaba ulilala wapi. Ile ya kwanza ilikuwa mikubwa na michache, imewekwa kifuani mwa marehemu. Ile ya baadaye ilikuwa midogo, mingi, yenye kipimo kimoja, karibu na mikono na kiuno, mahali mtu anapobeba mfuko wake. Kutoka kifuani mpaka kiunoni, kitu cha heshima kiligeuka feza ya soko.

Msalaba ule ule ukiuzwa kwa mtalii bila kaburi lake ni kipande cha shaba tu. Hautasema tena kama ulikuwa wa kifuani au wa kiunoni.

Kwa hiyo, anayetaka kuanza kukusanya sarafu za Wagiriki na Waroma aanze na shaba za bei ndogo, anunue kwa mtu anayetoa risiti yenye kuandika sarafu ilitoka mkusanyo gani na mwaka gani, na aihifadhi karatasi hiyo pamoja na sarafu. Asiisugue kwa ndimu, wala mchanga, wala asidi: ile rangi ya kijani au ya kahawia iliyokaa juu yake kwa karne nyingi ikitoka, hairudi. Na anayekuta chungu, shanga au msalaba wa shaba wakati wa kulima, asivitoe. Apige picha, aweke alama mahali pale, na aarifu watu wa makumbusho au wa chuo kikuu kilicho karibu. Yule mpishi wa Frome alifunika shimo lake kwa udongo, na kwa sababu hiyo tunajua chungu kilijazwa namna gani.